Unga wa Mashine

"Mzigo upo tayari. Njoo peke yako kama kawaida. Mzee asijue."

Yona aliisoma ile meseji akiwa amesimama mlangoni, simu ya vitufe mkononi, na mwanzoni hakuelewa anasoma nini. Akaisoma tena. Aliyetuma ni Ernesti wa kule kijijini. Simu ilikuwa yao wote wawili, yeye na mkewe Jenifa, ila mara nyingi ilikaa kwa Jenifa. Na Jenifa saa hiyo alikuwa ameshuka bondeni kuchota maji, ukungu wa milima ya Amani bado umelalia miti.

Akakaa kwenye kizingiti.

Huyu Yona zamani alikuwa fundi wa minara ya simu mjini Tanga. Jenifa alikuwa msusi kwenye saluni ya Asmahani, pale Chumbageni. Walioana wakapanga vyumba viwili, wakawa wanaishi kama wengine wote: umeme wa luku unaisha sufuria iko jikoni, muziki wa baa ya jirani unaingia hadi kitandani, mboga ya kununua, maji ya kununua, hata ndimu moja ya kununua. Siku moja Yona alirudi kazini akasema amechoka. Alikuwa na shamba la urithi kule mlimani, pembezoni mwa msitu. Akasema waende wakaishi kule, wale wanacholima, wawashe taa za jua, wasimtegemee mtu wala shirika.

Jenifa alidhani ni utani. Alipoona mumewe hacheki, alilifikiria jambo lile kwa muda, kisha akakubali. Hakulazimishwa, na hilo alilisema mwenyewe baadaye kwa kila aliyemuuliza.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Walijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, wakafunga paneli za sola juu ya bati, wakafuga kuku na mbuzi. Walilima mahindi, maharage na magimbi, na chini ya miti mikubwa wakapanda iliki. Jioni hakukuwa na televisheni, kwa hiyo waliongea. Jenifa alimwambia dada yake Praxeda kwenye simu kwamba siku hizi analala kama alivyokuwa akilala utotoni.

Ila Yona alikuwa na tabia ya kulifikisha jambo mwisho wake. Alianza na sukari: kwa nini wanunue sukari na mizinga ya nyuki wanayo? Jenifa akaona sawa. Kisha ikaja mashine ya kusaga. Yona alisema kila wanachokilipia kinawarudisha mjini kidogo kidogo, na bibi zake walikula ugali maisha yao yote bila mashine. Akachonga kinu kizuri cha mti mgumu, akamkabidhi mkewe kwa furaha kama mtu anayetoa zawadi. Na tangu siku hiyo alikuwa akiusifia unga wa nyumbani kwake kwa kila mgeni.

Asubuhi ile Jenifa alipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Yona alikuwa ameshairudisha simu mahali pake. Alimwona mkewe akiichukua, akisoma amempa mgongo, akiifuta ile meseji. Kisha akasema anashuka kijijini kumjulia hali mama mmoja mgonjwa. Alichukua kikapu. Yona akamwambia haya, usichelewe.

Akamwacha atangulie, akamfuata.

Njia nzima alikuwa akiwaza atamfanya nini huyo Ernesti. Alikumbuka jinsi Jenifa alivyokuwa siku hizi akilala mapema na kumgeuzia mgongo, jinsi alivyokuwa akishtuka akiguswa begani. Kila kitu kikapata maana mpya, na maana yenyewe ilikuwa mbaya.

Kijijini Jenifa alipita nyuma ya banda moja la mabati, akaingia. Yona hakubisha hodi.

Ndani palikuwa na mashine ya kusaga, injini imezimwa. Ernesti alikuwa mweupe hadi nyusi kwa vumbi la unga. Mkewe Ernesti alikaa kwenye kigoda akipepeta mahindi. Jenifa alikuwa ameinama anafunga mfuko.

Yona alimtazama Ernesti, akamtazama mke wa Ernesti, akautazama mfuko.

"Hiyo ni nini?"

"Unga," Jenifa alisema.

"Wa nani?"

"Wetu. Huu unaoula kila siku."

Ernesti alijifuta uso kwa mkono wa shati. Alisema taratibu, kama mtu anayeogopa kuharibu zaidi:

"Kaka, mkeo alifika hapa bega limemvimba, mkono haunyanyuki. Mke wangu ndiye aliyemwambia awe analeta mahindi yake. Analipa kwa mayai. Hatukuwa na nia mbaya na wewe."

Yona alipaswa kushusha pumzi. Badala yake aibu ikampanda, na kwa kuwa hakujua aifanye nini, akaigeuza kuwa hasira. Akamwambia mkewe kwamba amemdanganya ndani ya nyumba yake, mezani kwake, kila siku.

"Ulidhani nina mwanaume," Jenifa alisema.

Yona aliutazama mlango.

"Wenzangu wanaficha wanaume. Mimi nimeficha unga. Hebu fikiria, Yona. Mke wa mtu anatembea mlima mzima kwa kujificha ili asage mahindi."

"Tulikubaliana, Jenifa."

"Tulikubaliana kuja kuishi huku. La kinu ulikubaliana na nani?"

Mke wa Ernesti aliinuka, akamvuta mumewe wakatoka nje. Jenifa hakupaza sauti. Aliongea kama mtu aliyekuwa ameyapanga maneno hayo kichwani kila asubuhi kwenye kile kilima.

"Kila unachokikataa wewe kinashuka kichwani kwangu. Umekataa mashine, nimetwanga. Umekataa kumwomba kaka yako maji, nikawa nashuka bondeni na kupanda na ndoo."

"Wilfred usimwingize hapa."

"Chemchemi yake iko juu ya nyumba yetu. Ni bomba tu, maji yangeshuka yenyewe. Muda wote huu nabeba maji kwa sababu wewe hutaki kumwambia ndugu yako neno tafadhali."

Wilfred alikuwa kaka wa Yona, baba mmoja mama mmoja. Baba yao alipofariki waligombana juu ya mpaka wa shamba, wakaambiana maneno mabaya mbele ya waombolezaji, na tangu hapo hawakusalimiana tena. Yona alipokuwa akisema hamtegemei mtu, mtu wa kwanza aliyekuwa akimfikiria ni Wilfred.

Jenifa aliuinua mfuko wa unga akampa mumewe.

"Chukua. Mimi sipandi leo."

Mke wa Ernesti alimwazima kanga na nauli, na mchana huo Jenifa akapanda basi la kwenda Muheza, kutoka huko akafika Tanga.

Praxeda alimpokea bila maswali. Asmahani alimrudishia kiti chake saluni na kumwambia wateja walikuwa wamechoka kumuulizia. Maji yalikuwa bombani, feni juu ya kitanda. Wiki ya kwanza Jenifa alilala sana na bega likaanza kupona. Baada ya hapo usingizi ukampungukia. Alikuwa akiamka kabla ya adhana akisikiliza majogoo ambao hawakuwepo. Praxeda alirudi kazini siku moja akakuta ndoo zake mbovu zimepangwa upenuni, zimejazwa udongo, na mdogo wake anapanda mchicha.

"Unataka kurudi?" alimuuliza.

"Nataka kurudi kule. Ila sitaki kuwe kama kulivyokuwa."

"Na yeye?"

Jenifa aliukandamiza udongo kuzunguka mche. "Yeye namkumbuka jioni."

Kule mlimani, Yona alikuwa akizifanya kazi za mkewe. Siku ya kwanza alipobeba ndoo ilimbidi akae katikati ya kilima apumzike, na alipofika juu nusu ya maji ilikuwa imemwagikia mgongoni. Mbuzi wakanywa yaliyobaki. Akashuka tena. Alipomaliza maji jua lilishakuwa kali na hajagusa shamba. Akatwanga mahindi hadi viganja vikachubuka, akapata unga wa kupikia ugali mdogo wenye chenga. Ule mfuko wa mashine aliuacha kwa siku kadhaa bila kuufungua, kwa kiburi. Njaa ikamfanya aufungue. Ulikuwa ni unga uleule aliokuwa akiusifia kwa wageni.

Alipiga simu ya Praxeda, Jenifa hakupokea. Akaandika:

"Jenifa, nimebeba maji wiki hii. Sikujua."

Jibu lilikuja jioni: "Najua hukujua. Ungeuliza."

"Naomba urudi tuongee."

"Ongea kwanza na Wilfred."

Siku zilipita, akawa anaichukua simu na kuiweka. Halafu Jumapili moja, baada ya ibada, badala ya kuishia kwake akapandisha hadi kwa kaka yake.

Wilfred alikuwa barazani anachambua iliki. Alimwona mdogo wake tangu mbali, lakini hakuinuka.

"Shikamoo kaka."

Wilfred alichambua kidogo kwanza. "Marahaba."

"Nimekuja kuomba maji."

"Ya mbuzi au ya mkeo?"

"Ya nyumbani. Ila aliyekuwa akiyabeba ni yeye."

Wilfred aliuweka ungo pembeni. Alinyoosha kidole chini, na Yona akageuka kutazama. Kutoka barazani pale njia ya bondeni ilionekana yote, kuanzia kijitoni hadi mlangoni kwake.

"Nilikuwa namwona kila asubuhi," Wilfred alisema. "Nilikuwa nasema leo nishuke nikamwambie Yona avute bomba. Kisha nasema, huyu bwana atadhani namcheka. Nikakaa hapahapa nikamtazama mtoto wa watu akibeba maji."

Mke wa Wilfred ndiye aliyewatoa kwenye aibu ile. Alileta maji ya kunawa na sahani moja ya chakula, moja tu, ili wale pamoja.

Siku chache baadaye Jenifa alikuwa akimsuka mteja simu ya Praxeda ilipoletwa saluni, ikiwa na ujumbe aliotumiwa yeye Jenifa.

"Shemeji, mdogo wangu alikuja kwangu Jumapili, amekula kwangu. Tunachimba mtaro wa bomba. Sijamwambia kama nakuandikia. Mimi pia nina kosa kwako, nilikuona ukibeba maji nikanyamaza. Unisamehe. Wilfred."

Machozi yakamjaa. Asmahani akamwambia amalize kwanza kichwa cha mteja, kulia atalia baadaye, na mteja mwenyewe akasema hana haraka.

Alirudi bila kutoa taarifa. Alimkuta Yona ndani ya mtaro, suruali imekunjwa magotini, uso umejaa tope. Mtaro ulikuwa bado haujafika nyumbani. Yona alimwona, akasimama na jembe lake, akaogopa hata kutabasamu.

"Sijarudi kwa ajili ya bomba," Jenifa alisema.

"Lakini umerudi?"

"Nina mambo ya kusema kwanza. Ukikubali, nimerudi."

Akayasema palepale, yeye juu ya mtaro na mumewe chini. Mahindi yatasagwa mashineni kwa Ernesti, mchana kweupe. Jumamosi atasuka watu kijijini, kwa sababu kusuka ni kazi yake na anaipenda. Na kitu chochote watakachokiacha, watakiacha baada ya kuulizana ni nani atabeba mzigo wake.

Yona alikubali yote. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama sukari nayo inarudi.

Jenifa alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya bandani. "Asali inatosha. Sikuyachukia maisha haya, Yona. Nilichukia kuyabeba peke yangu."

"Nilikuwa najisifu kwamba simtegemei mtu," Yona alisema. "Kumbe nilikuwa nakutegemea wewe kwa kila kitu, na shukrani sikukupa. Nisamehe, mke wangu."

Jenifa alimpa mkono akamvuta kutoka mtaroni. Alimfuta tope usoni kwa pembe ya kanga, polepole, kuanzia kwenye nyusi, na Yona akasimama ametulia kama mtoto.

Jioni ile Yona alishuka bondeni mwenyewe kumchotea mkewe maji ya kuoga. Akafanya hivyo kila siku hadi bomba lilipofika.

Siku lilipofika, Wilfred alibaki juu kwenye chemchemi kuyafungulia maji, Yona akashika ncha ya bomba uani, Jenifa akakaa na simu. Wilfred akapiga.

"Yamefika?"

"Bado, shemeji."

Bomba likatoa upepo. Likakohoa. Yona akainama kuchungulia ndani, na tope jekundu likamrukia usoni na kifuani. Jenifa alicheka hadi akashindwa kuishika simu. Tope likafuatiwa na maji ya udongo, kisha maji meupe ya baridi, yakatiririka uani hadi kuku wakakimbia.

"Shemeji, mbona kimya? Yamefika?"

Jenifa aliiokota simu, bado anacheka.

"Yamefika. Mchukue mkeo mteremke, leo mnakula huku."