Asali Isiyopanda Ndege

"Kaka, hili begi ni lako?"

Sauti ilitoka upande wa pili wa mashine ya kukagulia mizigo. Kijana aliyeulizwa alikuwa ameshika mkanda mkononi na viatu kwapani, akatazama huku na huku kana kwamba kuna kaka mwingine. Uwanja wa ndege ulikuwa umefurika asubuhi ile. Watoto walilia, magurudumu ya masanduku yalisaga sakafu, na foleni ilijikunja hadi mlangoni. Aliyemwuliza alikuwa afisa mrefu mwenye nywele fupi za asili, sare ya bluu iliyopigwa pasi ikatii, na glovu nyeupe mikononi.

"Ni langu, dada."

Afisa akalifungua. Akatoa mkasi, akatoa mkasi wa pili, akatoa wembe wa kukunja, kisha chupa ya spiriti ya nusu lita.

"Unakwenda kumpasua nani?"

"Mimi kinyozi. Kaka yangu anaoa kesho na ameapa hanyolewi na mtu mwingine. Dada yangu, hiyo ndiyo mikono yangu."

"Mikono yako naiona hapo, inatetemeka." Akatazama saa. "Vyenye makali havipandi na abiria. Una dakika arobaini. Rudi kaunta, begi liende chini na mizigo mikubwa. Spiriti iache, hata huko chini haikubaliwi. Kimbia!"

Kinyozi alikimbia na soksi. Aliporudi jasho lilikuwa likimchuruzika, na mfukoni alibaki na kitana tu.

"Kitana je?"

"Kitana ruksa."

"Na namba ya simu?"

"Ikiwa haizidi mililita mia moja."

Wenzake walicheka hadi abiria wakageuka. Namba hakumpa, maana kazini hakuwa na mchezo. Si bure wenzake walimwita Bi Sheria. Lakini kijana alipotaja kibanda chake cha kunyolea chenye mlango wa kijani, nyuma ya soko, Bi Sheria hakujifanya kiziwi.

Jumamosi iliyofuata aliingia kwenye mlango huo, gauni la maua limemkaa, hereni zikicheza masikioni.

"Nipunguze pembeni," alisema akiketi. "Na ukinikata sikio nakukamata."

Kinyozi alimnyoa polepole kuliko alivyowahi kumnyoa mtu. Mkasi ulilia kwa sauti ndogo, poda ikanukia, na shingo ile ikamfanya asahau kuwa wateja watatu walikuwa wakingoja. Siku hiyo namba alipewa.

Tangu hapo kila jioni simu zao zilipata moto.

"Haya, roho yangu, leo mmekamata nini?"

"Nyundo. Mtu na suti yake, tai yake, na nyundo. Anasema alisahau."

"Na jana?"

"Bastola ya maji ya mtoto. Aliyelia ni baba mtu."

"Mpenzi, na wewe ungekamatwa. Macho hayo yana makali."

"Nenda huko!" Lakini hakukata simu.

Miezi minane ikapita hivyo, mpaka kinyozi akaamua kwenda kwao kumweleza mama yake kwamba amepata mke. Habari zikafika kwa mama wa binti, mjane aliyefuga nyuki nyuma ya nyumba. Siku ya safari, alfajiri, alimpitia kijana na chupa kubwa ya asali, mdomo ameufunga kwa kitambaa na uzi mwekundu.

"Mpe mwenzangu," alisema. "Mwambie ndiyo salamu yangu."

Kinyozi hakuwa na mzigo zaidi ya begi la mkononi. Alijua kwamba kitu cha majimaji kinachozidi mililita mia moja hakipandi na abiria, lakini alijisemea moyoni: Leo nina mwenyewe pale.

Mwenyewe alikuwapo. Chupa ilipotokea kwenye kioo cha mashine, Bi Sheria alifungua begi, akauona uzi mwekundu.

"Hii haipiti."

Kinyozi akatabasamu. "Ni ya mama yako."

"Mkono ulioifunga naujua. Haipiti. Rudi kaunta uipeleke chini."

"Kaunta wamefunga, laazizi, ndege inaondoka sasa hivi. Ni asali tu!"

"Mwache bwana," mwenzake alinong'ona. "Si shemeji yetu huyo?"

"Nikimwacha yeye, na wengine niwaambie nini?" Akaiweka chupa kando.

Foleni nzima ilikuwa ikitazama. Kinyozi alijiona amevuliwa nguo hadharani. Alichukua begi, akaenda zake bila kugeuka. Bi Sheria aliendelea kukagua, lakini kwa muda hakuona kitu kwenye kioo.

Ndani ya ndege kinyozi alikaa kando ya bibi mmoja aliyevaa sweta la kijivu. Bibi hakuchelewa kuanza maneno.

"Mwanangu, wameninyang'anya siagi yangu ya karanga! Nimeitwanga mwenyewe, nampelekea mjukuu. Ati inapakika, basi ni kama maji. Yule binti mrefu nikamlilia, akaniomba radhi, lakini hakunipa. Nikasema moyoni, ananionea kwa kuwa mimi sina mtu. Nikakaa pale kwenye benchi navaa viatu, nimtazame huyo atakayemwachia."

"Ukaona nini, bibi?"

"Nikaona amemnyang'anya mchumba wake! Asali ya mama yake mzazi!" Bibi akacheka mpaka sweta likatikisika. "Hapo nikapoa. Kumbe hakuninyima mimi, ni sheria imetunyima wote. Ila huyo mchumba naye kanuna kama mtoto." Ghafla akamtazama vizuri. "Haa. Kumbe ni wewe."

Kinyozi alitamani dirisha lifunguke. Safari ilikuwa saa moja na nusu, naye aliiona kama wiki. Gurudumu lilipogusa ardhi tu, akawasha simu na kupiga. Haikupokelewa. Kazini simu zao hufungiwa kabatini.

Saa nane mchana Bi Sheria alifungua kabati, akakuta amepigiwa mara kumi na moja. Moyo ukampasuka: huyu anataka kuniacha kwa sauti yake mwenyewe. Akakaa kwenye benchi la kubadilishia nguo, kiatu kimoja mguuni, na simu ikaita tena. Akapokea.

"Ni wewe uliyemnyima mwanangu asali?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Ni mimi, mama. Nisamehe, ni—"

"Nikusamehe nini? Huyu nimemlea, namjua, amezoea kubembelezwa. Kaingia hapa analia kosa lake. Nikamwambia, mke asiyempendelea mumewe mbele za watu hatamdanganya nyumbani. Haya, chukua, zungumza naye, ananivuta kanga."

Kisha ikaja sauti aliyoizoea: "Roho yangu, nilikutwisha mzigo wa aibu mbele ya watu wako. Nisamehe."

"Hata mimi iliniuma." Machozi yalimtoka huku anacheka. "Uliondoka hata hukugeuka!"

"Sirudii. Utakuwa kazini Jumapili?"

"Niko mapumziko."

"Basi njoo upande wa wanaowasili. Vaa upendavyo, ila uje."

Jumapili alasiri alisimama kwenye uzio wa wanaopokea wageni, amevaa gauni la njano, viatu vya kisigino, mikono haina glovu. Ilimshangaza kuona uwanja ule kutoka upande wa watu wanaofurahi. Kinyozi alitokea amemshika mkono mama mfupi mnene, mwenye macho ya uchangamfu.

Mama alimkagua binti juu mpaka chini. "Huyu ndiye?"

"Ndiye, mama. Na nisipomwuliza sasa nitaghairi kwa woga." Akamgeukia. "Mpenzi wangu, utakubali nikuoe?"

Mkokoteni wa mizigo ulipita ukipiga kelele za chuma.

"Sikusikia," binti alisema, ingawa alikuwa amesikia kila neno.

Kinyozi akajaza kifua hewa. "NASEMA, UTANIOA?"

Wapagazi wakasimama. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Amekosea maneno," binti aliwaambia watu, mkono wake ukiwa tayari ndani ya mkono wa kijana, "lakini ndiyo. Nitamwoa."

"Vizuri," mama alisema, akimkabidhi mkwewe kikapu. "Sasa twendeni nyumbani kwa mwenzangu, miguu inaniuma."