Kurasa Arubaini na Moja

Jumamosi ile soko la Ukunda lilifurika, hata pa kukanyaga hapakuwa. Ndila, mpokea wageni wa hoteli moja ya Galu, alijipenyeza na sketi yake ya buluu ya kazini mpaka kwenye kibanda cha Shem, fundi simu, akamkabidhi simu iliyopasuka kioo. Shem alipoiwasha akakuta ukurasa anaoujua.

"Dada, kumbe wewe ndiye Ndila wa Mkongani? Wa Elezo?"

"Ndiye. Na wewe?"

"Shem Fundi. Mhakiki."

Ndila akacheka mpaka akashika meza. Miaka miwili walikuwa wakiandikiana bila kuonana.

Elezo ni ensaiklopidia ya mtandaoni ya Pwani, na kila mtu anaruhusiwa kuiandika. Maneno mapya hutokea kwa rangi ya chungwa. Mhakiki akiyasoma na kuyapitisha hugeuka meusi, na mwandishi huongezewa alama za kuaminiwa. Ndila alizitamani sana alama hizo. Babu yake alihamia Mkongani kutoka Ukambani, na yeye, aliyezaliwa huko huko Mkongani, akisema jambo la Kwale watu bado humwuliza nani kamwambia.

Tangu siku ile wakapendana, mapenzi yakakolea, na mwanamume akipenda ana wazimu wake. Wengine hununua maua. Shem alikaa kibandani adhuhuri moja, akapitisha kurasa zote arubaini na moja za Ndila bila kusoma hata mstari.

"Fungua Elezo, mpenzi," alimpigia. "Zote nyeusi!"

Furaha ilidumu siku tatu. Mwanaima, mama mmoja wa Mkongani, alilalamika kwamba ukurasa wa kisima cha kijiji si wa kweli: Ndila alikuwa ameandika kwamba babu yake, Muasya, alikichimba peke yake. Mtambo wa Elezo ukachunguza, ukaona kurasa arubaini na moja zimepitishwa kwa dakika sita. Alama za wote wawili zikafutwa. Kazi yote ya Ndila ikarudi rangi ya chungwa.

"Hukusoma, Shem."

"Nilikuamini, kipenzi."

"Hukuniamini. Ulinipenda tu! Ungesoma, ungeuliza. Sasa wanasema Ndila ni wa kubebwa."

Akakata simu, na kwa wiki mbili hakuipokea tena.

Asubuhi moja, akiwa kazini, aliona ukurasa wa kisima umebadilishwa na Shem: "Kilichimbwa na Muasya na Mbwana. Mmoja aliteremka, mwenzake akashika kamba. Wakapokezana hadi maji yakatoka. Amesimulia Mwanaima binti Mbwana."

Akampigia pale pale.

"Umemnyang'anya babu yangu nusu ya kisima."

"Nimemrudishia rafiki yake. Nilikwenda Mkongani, Ndila. Na kurasa zako nimezisoma zote. Thelathini na nane ni safi. Tatu nimeziandikia maswali."

"Zipi hizo?"

"Ile ya machungwa, mwezi wa mavuno umekosea."

Ndila akacheka huku machozi yakimtoka, mgeni akimtazama, anangoja ufunguo. Hakuna aliyewahi kumsoma hivyo, na alimpenda Shem kwa hilo kuliko kwa yote.

"Alama zetu bado ni sifuri," akasema.

"Najua. Naomba Jumapili nije kwa mama yako, nijieleze."

Ndila akampa mgeni ufunguo wake.

"Njoo. Lakini mama hapitishi mtu hivi hivi. Atakuuliza ukoo wako wote."

"Aulize," Shem akasema. "Nitakaa mpaka amalize."