Jicho la Kabula

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja. Ninaendesha winchi kwenye duara, shimo refu la wachimbaji wa dhahabu, huko Geita: nawashusha watu ardhini, mimi niliyeapa kuwapandisha angani. Wasomaji wenzangu, sikuzuiwa na umaskini. Nilizuiwa na rangi... na uongo wangu mwenyewe.

Nilikulia kijijini, si mbali na Shinyanga mjini. Utotoni mama alinituma bustanini kuchuma nyanya zilizoiva, nami nikarudi na mbichi tele! Watu waliniita mzembe. Mdogo wangu Kabula peke yake ndiye aliyetambua kwamba kwangu nyekundu na kijani hazitofautiani. Akanifundisha: "Kaka Shija, usiziangalie. Bonyeza kwanza! Iliyoiva inabonyea."

Miaka ikapita, nikapata nafasi katika chuo cha urubani. Barua ilieleza bayana kwamba mwombaji apimwe na daktari wa marubani kabla ya kulipa ada. Baba hakujua kusoma. Nilimsomea barua yote, isipokuwa sentensi hiyo.

Kwa nini? Niliogopa jibu! Nilikwenda duka la miwani mjini, nikasoma herufi zote hadi mstari wa mwisho, nikajidanganya kwamba yatosha.

Wakati huo Kabula alikuwa ameolewa Maganzo. Kwetu Wasukuma, ng'ombe wa mahari ya binti huweza kumfaa kaka yake. Lakini ndoa ikivunjika, sharti warudishwe. Baba alipoazimia kuwauza ili anilipie ada, Kabula alinijia faraghani.

"Kaka, na zile nyanya?"

"Angani hakuna bustani," nilimjibu kwa kejeli. "Nyamaza, nawe utakuwa abiria wangu wa kwanza."

Akacheka... akanyamaza. Baba akawaswaga ng'ombe wote hadi mnadani.

Siku ya kuripoti, chuo kilidai cheti cha afya. Daktari wa marubani akanifungulia kitabu chenye kurasa za nukta. "Unaona namba gani, kijana?"

"Nukta tu, daktari."

Akageuza ukurasa... nukta! Akanijaribu kwa taa ndogo. Nyekundu nikaiita kijani. Alifunga kitabu taratibu. "Uoni hafifu tungeupa miwani. Hili halina miwani. Ungekuja kabla ya kulipa."

Ada haikurudishwa.

Mwaka uliofuata Kabula alikuja nyumbani, mdomo umepasuka kwa kipigo cha mumewe. Wazee wakakaa. Upande wa mume ukasema: "Turudishieni ng'ombe wetu, mbaki na binti yenu." Ng'ombe gani? Baba aliinamisha kichwa. Mimi nilitazama miguu yangu. Kabula akajifunga kanga vizuri, akarejea Maganzo.

Mara ya pili tulimchukua hospitalini. Jicho lake la kushoto halioni tena... jicho lililoniazima rangi utoto wangu wote! Safari hiyo hakuna aliyethubutu kudai ng'ombe.

Sasa anaishi kwa mama. Hajanilaumu hata siku moja, laiti angenilaumu! Nilipomtembelea mara ya mwisho, alitoka bustanini, akaniwekea nyanya kiganjani. "Hii je, kaka?" akauliza kwa utani wa zamani. Vidole vyangu vilikataa kuibonyeza.

Enyi mnaotamani urubani, pimweni herufi na rangi pia, kabla ng'ombe hajatoka zizini. Na mkiijua kasoro yenu, itamkeni mbele ya wanaowatolea jasho lao. Mimi nilinyamaza, akaadhibiwa mwingine. Bonyezeni kwanza, ndugu zangu... bonyezeni kwanza!