Mwanamke Asiye na Kwao

Maji yalikutwa nyuma ya mlango wa sebuleni, kidimbwi cha ukubwa wa sinia, na mvua haikuwa imenyesha wala bomba halipiti upande ule. Miwani akayakausha kwa tambara, akamlaumu paka. Paka mwenyewe alishahama nyumba asubuhi ile, ila hilo Miwani hakuliwaza.

Huyu dada, Miwani kwa jina la utani, alikuwa akiishi na mama yake mzazi, mzee wa kitandani, miguu imegoma lakini mdomo mzima. Ndugu yake wa karibu alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, msusi. Watu wazima wote wawili, lakini wataje katuni za Kijapani, zile za vijana wenye nywele kama moto na mapanga marefu kuliko wao, sufuria itaungua jikoni hawana habari. Na hawakuishia kutazama. Walikuwa na kundi lao kwenye simu, wanachukua katuni ya watu na kuiendeleza wenyewe, kama mtu aliyeazima gauni akalipunguza kiuno. Mmoja anaandika, wengine wanatoa maoni. Maoni ya wengi ni "Endelea!" basi. Miwani siye. Miwani akisoma hadithi yako utatamani usingejua kuandika.

Msusi naye akaandika yake, kati ya kichwa na kichwa, vidole vina mafuta. Ndani ya katuni ile akamwingiza mtu wake mwenyewe: mwanamke aliyelowa, nywele zinachuruzika, anasimama nyuma ya milango ya watu na kuuliza, "Kwetu wapi?" Akamtumia Miwani asome kwanza.

"Dada, niambie ukweli. Sitakasirika."

Uongo huo kila mtu anausema.

Miwani hakumjibu pembeni. Alimjibu mbele ya kundi zima, kwa ujumbe wa sauti, huku anacheka: "Vita nimevipenda. Lakini huyu mama wa mvua ni wa nini? Hana kwao huyu. Mfute."

Hana kwao! Katika ukoo ule neno hilo lina kaburi lake. Ndilo alilolitamka mama yake Miwani siku alipomfungia mlango mdogo wake, mvua inamwagika, kwa ugomvi wa nyumba ya marehemu baba yao. "Nenda! Wewe huna kwenu hapa." Mdogo mtu akaondoka na mtoto mgongoni, kifua kikamshika, hakuinuka tena. Mtoto wa mgongoni ndiye msusi. Miwani alikuwa anaijua habari hiyo? Anaijua vizuri sana. Lakini mpigaji husahau.

Msusi akaandika, "Asante kwa maoni." Akamfuta yule mwanamke, mstari kwa mstari. Siku hiyo hiyo ndiyo maji yalipoonekana nyuma ya mlango.

Ikafuata harufu. Harufu ya nywele mbichi zilizofungwa kitambaa bila kukauka, iko ndani ya mito, iko ndani ya chai. Halafu mchana mmoja Miwani anaingia kumlisha mama yake, anakuta mvi za mzee zimesukwa mistari mizuri, iliyonyooka, na zinadondosha maji.

"Mama," akanong'ona, "nani kakusuka?"

"Punguza sauti," mzee akajibu, macho hayabanduki mlangoni. "Anasikia."

"Nani?"

"Ananiuliza kwao wapi. Nimwambie nini, mwanangu?"

Tangu hapo mzee akaanza kukohoa, kikohozi cha majimaji, kama mtu aliyelala nje, na kila akikohoa kitu nyuma ya mlango kinakohoa pia, na Miwani akiusukuma mlango ule unasukumwa kidogo kutoka upande wa pili, taratibu, kwa adabu, kama anavyofanya mgeni anayeomba asikanyagwe, na chini yake maji yanatambaa kuelekea kitandani, kila siku yanasogea, mpaka yakafika miguu ya kitanda na yule mzee akawa anapumua kwa kukoroma kama birika.

Akaitwa mganga, mama mmoja mnene, mwingi wa masihara. Alifika kizingitini, masihara yakamwisha.

"Mimi nawatoa waliotumwa," akasema chini chini. "Huyu hakutumwa. Huyu kafukuzwa. Mlimfukuza wapi?"

"Kwenye hadithi."

"Kwenye nini?"

"Ya simu. Ya katuni."

Mganga akafunga mkoba wake. "Haya. Jini huvaa nguo anayoikuta, na hii mlimwanikia wenyewe. Ni kama mpangaji, ukimtoa chumba kimoja anatafuta kingine. Aliyemfuta amrudishe. Na fanya haraka, mama yako hana pumzi za kugawa."

Miwani akaenda saluni mbio, kandambili mguu mmoja. Msusi alikuwa kashika kichwa cha mteja, hakugeuka.

"Mdogo wangu, nakuomba. Mrudishe yule mwanamke."

"Yupi? Yule wa nini?"

"Nilikosea."

"Sema kwa sauti, dada. Siku ile ulikuwa na sauti."

Kikaushio cha nywele kikazimwa. Miwani akapiga magoti kwenye nywele zilizoanguka sakafuni. "Ni mzuri. Ndiye mzuri kuliko wote humo ndani. Mama anakufa, mdogo wangu. Mrudishe."

Msusi akafuta mafuta kwenye aproni, akachukua simu. Aliandika kwa utulivu, anasimama, anafikiri, anaendelea, kama mtu aliyelitunga jambo zamani na sasa analinakili tu.

"Tayari. Nenda kamwangalie Mama Mkubwa."

Nyumbani pakavu. Nyuma ya mlango hakuna kitu. Mzee kalala, pumzi imetulia. Miwani akakaa chini akalia kwa shukrani. Ndipo simu ikalia: sura mpya ya hadithi.

Akasoma. Mwanamke aliyelowa karudi. Anatembea mtaani, anafika kwenye geti la bluu lenye bonyeo la teke, kama lile la kina Miwani. Anapita kigae kilichovunjika pembe. Anaingia chumba chenye pazia la kijani na kitanda kando ya dirisha, na humo amelala bibi kizee, nywele zimesukwa. Safari hii mwanamke hasimami nyuma ya mlango. Anaingia, anapanda kitandani na nguo zake za maji, anajifunika. Na bibi kizee anamwambia...

"Karibu kwenu, mdogo wangu," ikasema sauti ya mama yake, kutoka chumbani.

Kitanda kikalia, kama kinavyolia kikipokea mtu wa pili.

Chini ya sura ile msusi alikuwa kaandika: "Dada, ulisema hana kwao. Nimesahihisha. Nasubiri maoni."