Kadi ya Mshahara wa Baba

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia na kuosha vyombo, Kiberiti alifuatana na baba yake kwenda kwa shangazi kuchukua pesa za matumizi ya wiki. Kiberiti halikuwa jina lake, bila shaka. Nyumbani walimwita hivyo kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuwaka, na jina likamganda.

Baba alikuwa fundi wa lifti. Lifti ikikwama katika jengo lolote refu la mjini, aliitwa yeye. Mshahara wake ulikuwa mzuri, lakini kadi ya benki ya kutolea mshahara huo ilikaa kwa shangazi, dada yake mkubwa, fundi cherehani asiyemwogopa mtu. Sababu yake kila mtu nyumbani aliijua. Baba alikuwa amezama katika kamari ya kwenye simu. Pesa zake zilipokwisha, alicheza kwa kadi za mkopo, zile ambazo benki inakupa utumie leo, ulipe baadaye pamoja na riba. Alikuwa nazo tatu, na zote zilijaa madeni kabla mama hajajua lolote.

Siku alipokiri, shangazi alizikatakata kadi za mkopo kwa mkasi wake wa vitambaa. Simu ya kisasa iliuzwa, baba akabaki na simu ndogo ya vitufe. Kila Jumatatu jioni alihudhuria kikundi cha watu wanaojinasua na kamari, na kila mwisho wa mwezi shangazi aliilipa benki kwanza, ndipo akagawa kilichobaki. Mama ndiye aliyeomba iwe hivyo.

"Mimi akinibembeleza kidogo tu, nalegea," alisema mama. "Wifi yangu halegei."

Kwa wazazi, mpango huo ulikuwa dawa. Kwa Kiberiti ulikuwa aibu tupu. Baba mzima, mwenye sharubu zake, anapewa nauli na dada yake kama mtoto wa darasa la kwanza! Kilichomuuma zaidi ni kwamba nyumba ya shangazi ilikuwa na Malkia, binti wa shangazi, rika lake. Soksi za Malkia zilikuwa nyeupe mpaka Ijumaa. Mwandiko wake ulisifiwa. Hata mafua Malkia aliyaugua kwa adabu. Kiberiti alimwonea wivu kiasi kwamba akimwona tu, mate yalikuwa machungu mdomoni.

Jumamosi hiyo Malkia aliwapokea mlangoni akiwa ameshika baiskeli nyekundu, mpya.

"Shikamoo, mjomba! Umeiona baiskeli yangu?"

"Marahaba, mama. Nzuri kweli!" alisema baba, akalipapasa tandiko lake.

Kiberiti alihisi kama amepigwa ngumi ya kifua. Baiskeli aliahidiwa yeye, tena miaka mingi nyuma, na baba huyuhuyu. Hakusalimia vizuri, hakunywa chai, na walipoondoka alitembea akipiga mateke kila kijiwe alichokikuta njiani.

"Una nini wewe?" baba aliuliza.

"Baiskeli ile imenunuliwa kwa pesa ya nani?"

"Nitajuaje? Shangazi yako anashona."

"Malkia ameniambia imetoka kwenye mshahara wako."

Malkia hakusema hivyo. Hakusema hata neno linalokaribia hivyo. Lakini maneno yalikwisha kutoka, na baba alisimama katikati ya njia, uso umebadilika. Kisha aligeuka na kurudi kwa hatua ndefu, Kiberiti akikimbia nyuma yake.

Shangazi alikuwa mezani anakata kitambaa, pini zimejaa mdomoni.

"Naomba kadi yangu," alisema baba.

Shangazi alizitoa pini moja moja. "Kuna nini?"

"Mimi nashinda juu ya lifti, nyinyi mnanunua baiskeli kwa jasho langu. Naomba kadi yangu!"

Kiberiti alitarajia kelele. Shangazi hakupiga kelele. Alifungua mtoto wa meza, akaitoa kadi na kuiweka juu ya kitambaa.

"Nimekubeba mgongoni wewe," alisema taratibu. "Kama leo mimi ni mwizi, chukua."

Baba aliichukua. Malkia alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtoka, na Kiberiti alipita mbele yake bila kumtazama.

Huko nje baba alichangamka ghafla. "Leo leo unapata baiskeli!" alisema. "Tena yenye gia!" Kiberiti alifurahi. Hatimaye Malkia naye angejua uchungu wa kutazama cha mwenzako! Baba alitoa pesa kwenye mashine ya benki, nyingi, akazitia mfukoni, wakaendelea na safari. Wakafika duka la baiskeli. Baba hakugeuza hata shingo.

"Baba, duka tumelipita."

"Najua. Kuna mahali tunapita kwanza."

Kiberiti alimtazama vizuri. Macho yake yaling'aa, vidole vyake havikutulia mfukoni. Uso ule aliujua. Ndio uliokuwa ukimwahidi mambo mengi zamani, halafu wanalala bila umeme.

Walisimama mbele ya duka la kubashiri lenye mlango wa kioo cheusi.

"Nisubiri hapa," alisema baba. "Naweka kidogo tu. Ikizaa, tunanunua baiskeli na deni la benki tunalipunguza siku hiyohiyo."

Kiberiti alimshika mkono wa shati. "Baba, nimekudanganya. Malkia hakusema chochote. Nilimwonea wivu."

Baba alimtazama, kisha akautazama mlango. "Hayo tutayazungumza nikitoka."

"Usiingie, baba! Mimi ndiye niliyekuleta hapa!" Alilia kwa sauti, wapita njia wakageuka, naye hakujali. Hakuliachia shati.

Mkono wa baba ulikuwa umekwisha kushika kitasa. Ulikaa pale kwa muda mrefu. Kisha akauondoa, akaketi kwenye ngazi na kumpa Kiberiti simu yake ndogo.

"Mpigie shangazi yako," alisema. "Mimi sijiamini hapa."

Shangazi hakuchelewa. Alikuja amepanda baiskeli nyekundu, utepe wa kupimia ukipepea shingoni, gauni amelikusanya kwa mkono mmoja, na magari yakimpigia honi. Siku nyingine Kiberiti angecheka mpaka aumwe na mbavu. Baba alimkabidhi kadi na pesa zote bila kuulizwa, na shangazi akaketi kando yake. Kiberiti alieleza uongo wake wote, akiwa ameinamisha kichwa.

"Malkia ameshona vifungo vya sare za hoteli likizo nzima," alisema shangazi. "Vidole vyake vilijaa matundu ya sindano. Pesa nilimwekea mimi, ndizo zilizonunua baiskeli. Na wewe, mdogo wangu, deni la kadi ya kwanza limekwisha juzi. Nilitaka kukwambia leo, ukaniwahi na habari za wizi."

Baba alijifunika uso. "Nisamehe, dada."

Walirudi wote watatu wakiisukuma baiskeli. Kiberiti alimwomba Malkia msamaha mbele ya watu wazima, kwa sauti ya kusikika. Malkia aliikagua baiskeli yake kwanza, kama ilivyokuwa haki yake, kisha akasema, "Nimekusamehe, lakini bado nimekasirika." Ndipo baba akamwita Kiberiti, binti yake, akae karibu.

"Unajua mimi nilianzaje?" aliuliza. "Mwenzangu kazini alishinda pesa, akanunua gari. Nilikuwa na kazi, mke na wewe, lakini nikawa naliona lile gari tu. Wivu haukwambii kwamba unatamani cha mtu, mwanangu. Unakwambia umeibiwa. Ukishaamini umeibiwa, kusema uongo kunakuwa haki yako, na kucheza kamari kunakuwa haki yako. Leo jioni tutamwambia mama yako kila kitu, na Jumatatu nitakiambia kikundi kwamba nilifika mlangoni."

"Watakucheka?"

"Hawatanicheka. Kule kila mtu anaujua mlango ule." Alimshika bega. "Wewe umesema kweli kabla sijaingia. Mimi nilingoja mpaka kadi tatu zikajaa. Nifundishe hilo."