Kilichochoka Kuhama

Jua lilikuwa linazama kijijini Ikutha wakati Kalunde aliporudi na mtungi wa maji kutoka mtoni, miguu imemwisha nguvu kabisa. Kumuuguza mume mwaka mzima si mchezo, jamani.

Musembi alianza na kikohozi. Madaktari wakasema ni saratani ya mapafu. Mama mkwe akasema saratani gani, huyo ametupiwa kitu, na Ndeti, mganga wa Matinyani, akaitwa aje kukifukuza. Akamuumika kwa pembe kifuani, akamfukiza majani yenye harufu ya kutapisha. Kikohozi kikapungua... uvimbe ukatokea kwenye kidole gumba. Ndeti akakifukuza kidoleni, kikaibukia ulimini. Hospitali wakasema ni nadra, lakini saratani ya mapafu huweza kufika hata huko. Kila mtu alikuwa na maelezo yake, na kufua mashuka kukabaki kazi ya Kalunde.

Alimpelekea maji chumbani. Musembi alikuwa amelala chali, macho amefumba. Midomo haikutikisika. Lakini sauti ilitoka, ya chini, ya kukwaruza...

Haikuwa yake.

"Mwambie Ndeti aache kunifukuza. Nimechoka kuhama."

Nywele zilimsimama Kalunde. Angekimbia, lakini kukimbia kunataka nguvu. Tena huruma ikamwingia, mjinga yeye. Kwao, mtu akifika amechoka huvutiwa kiti kabla hajaulizwa jina.

"Basi kaa," akanong'ona. "Pumzika."

Musembi akashusha pumzi ndefu. Usiku huo hakuomba dawa wala kugeuzwa upande.

Asubuhi uvimbe wa ulimi ulikuwa umenywea. Mama mkwe akapiga vigelegele hadi majirani wakaja. Kalunde akampigia Ndeti simu, akamweleza yote. Mganga akauliza:

"Mama, huyo mgeni ulimwonyesha pa kukaa?"

Hakuwa amemwonyesha.

Siku ya kliniki, daktari alipitisha mashine kifuani, akamwita mwenzake. Wakanong'onezana. Kisha akamwambia Kalunde kwamba ugonjwa umeingia ndani ya moyo, mahali ambapo kwa kawaida haufiki, na hakuna dawa iliyobaki.

Musembi alizikwa kabla ya mvua. Watu humpa Kalunde pole, humwambia alijitahidi sana. Hajamwambia mtu kwamba usiku ule, baada ya kukiambia kikae, alijilaza mkekani kando ya mgonjwa, akalala fofofo, usingizi mtamu kuliko wote wa mwaka ule.