Mguu wa Mama Cherehani

Mama Cherehani alishona peku. "Mguu ndio unaosikia mashine," alisema. "Ukiuvalisha kiatu, umeuziba masikio."

Mumewe, fundi saa, alifanya kazi chumba hicho hicho, kwenye meza ya dirishani. Kutwa walitaniana.

"Mume wangu, saa zote hizo ukutani, hata mbili hazipatani!"

"Zinakuiga wewe na dada zako."

Mama Cherehani alikuwa na kisukari. Alimeza vidonge kila siku huku akikunja uso. Siku moja binamu yake akatuma video kwenye kundi la familia la simu. Mtu mwenye koti jeupe alisema: tupa vidonge, kunywa majani yangu, sukari itakwisha kabisa. Ndugu wakashangilia kwa alama za dole gumba. Dole la kwanza lilikuwa la fundi saa. Alikuwa amechoka kumwona mkewe akisumbuka na dawa.

"Hata wewe umekubali!" mkewe akafurahi. Akaacha vidonge, akaanza kunywa majani.

Baada ya wiki kadhaa kiu ikawa haimwishi. Alisema majani yanamsafisha. Kisha asubuhi moja fundi saa akaona matone ya damu sakafuni, kutoka kwenye cherehani hadi jikoni.

"Umejikata?"

"Mimi? Siumwi popote."

"Lete mguu."

"Hata salamu hakuna?"

Fundi saa akaweka lenzi yake jichoni. Pini ilikuwa imezama kwenye unyayo, kimebaki kichwa tu. Nyama yote ya kandokando imevimba. Utani ukamkauka mdomoni. Mguu uliosikia mashine haukusikia pini!

Alikimbia kumwita jirani yao, muuguzi wa kliniki. Muuguzi akainama, akatazama.

"Msiichomoe wenyewe. Twendeni kliniki sasa hivi."

Kule pini ilitolewa, kidonda kikasafishwa, sukari ikapimwa. Ilikuwa juu sana.

"Sukari ikikaa juu muda mrefu, inaharibu mishipa ya fahamu," muuguzi akaeleza. "Mguu unakufa ganzi. Unaumia bila kujua, kidonda kinaoza. Wapo waliokatwa mguu hivyo. Nani alikwambia uache dawa, dada?"

Mama Cherehani akamtazama mumewe. Mumewe akatazama sakafu.

"Daktari wa kwenye simu," fundi saa akasema kwa sauti ndogo. "Alivaa koti jeupe."

"Shemeji, koti jeupe hata muuza nyama anavaa! Ukiletewa habari ya ugonjwa, uliza: huyu ni nani? Anauza nini? Kliniki yetu inasemaje? Usiache dawa kabla ya kutuuliza."

Lakini hakuwaambia waitupe simu. Aliwaingiza kwenye kundi la kliniki, ambako wauguzi hujibu maswali. Humo wagonjwa walikumbushana dawa, wakapeana moyo wa kutembea na kupunguza vinywaji vitamu.

"Ila kundi halipimi sukari," akaonya. "Kliniki mtakuja. Na picha ya kidonda nitumieni mimi peke yangu, si watu wote."

Tangu hapo Mama Cherehani alirudia vidonge vyake, na kila jioni fundi saa alikagua miguu yake, juu, chini na katikati ya vidole, kisha akakipiga picha kidonda amtumie muuguzi.

"Wenzangu wanapigwa picha za sura," mkewe akalalamika.

"Sura yako naijua. Huu unyayo ndio bado nausomea."

Viatu, alivyoagizwa na muuguzi avae hata akishona, vilimtesa zaidi. Alipovaa vile laini vya kufunika vidole, mashine ilimkimbia, kola ya mteja ikashonwa upande. Alinuna, akafumua, akaanza upya. Polepole mguu ukazoea.

Kidonda kikafunga. Sukari ikashuka. Siku binamu alipotuma video nyingine, Mama Cherehani alirekodi sauti yake, akaituma kwenye kundi la familia.

"Mdogo wangu, nakupenda, lakini hii hapana. Dawa kama hiyo nusura inikoseshe mguu. Ndugu zangu, ugonjwa huu uko kwenye ukoo wetu. Njooni tukapimwe."

Kesho yake binamu akaja, kichwa chini. Alipimwa. Sukari yake ilikuwa imeanza kupanda, bado haijawa ugonjwa.

"Umewahi," muuguzi akamwambia. "Punguza soda, tembea kila siku."

Jioni wakatoka wote watatu kutembea. Binamu alilalamika njia nzima. Fundi saa alimsukuma mgongoni, akicheka. Mama Cherehani alikuwa ameshawaacha mbali, anatembea kwa miguu yake miwili.